Maharage Niliyoyapika Mwenyewe

Kama wewe ni mtu ambaye ukiingia nyumba ya watu, kabla hujasalimia vizuri, macho yako yameshatafuta choo kiko upande gani, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Kama ukialikwa harusini unashukuru kwa mdomo huku moyoni unajiuliza watapika nini, basi vuta kigoda ukae. Sitakueleza utumbo umeumbwaje, maana sijui. Mimi ni dereva. Nitakueleza yaliyonipata, niliowashuku, na chakula ninachokula leo, nawe uchukue kinachokufaa.

Naitwa Ambakisye, mzaliwa wa Tukuyu, mkaazi wa Mbeya mjini. Niliendesha, na bado naendesha, lori la tajiri mmoja Mhindi mwenye duka la jumla karibu na soko. Tulipakia mchele, kahawa na ngozi kwenda Iringa, tukarudi na sabuni, chumvi na majora ya nguo. Nilikuwa nimemwoa Agata, binti wa Kihehe kutoka Kalenga. Kwao waliuliza kwa nini aolewe mbali hivyo na mtu wa dhehebu jingine. Kwetu waliuliza kama wasichana wa Rungwe wameisha. Tulioana hivyo hivyo, tukapanga vyumba viwili vyenye jiko la uani, na mwanzoni tuliishi vizuri.

Ugonjwa ulianza kiangazi kilichofuata ndoa yetu. Kwanza ulikuwa mngurumo tu. Nikimaliza kula, tumbo linaanza kusema, kwa sauti ambayo hata Mbwilo, utingo wangu, mtu mzima aliyenizidi umri, aliisikia juu ya mlio wa injini. Kisha likaja kujaa gesi. Asubuhi nafunga mkanda, jioni naufungua kabisa, tumbo limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Halafu maumivu, chini upande wa kushoto, kama mtu anayekamua nguo iliyofuliwa. Baada ya maumivu, mbio. Na wiki nyingine choo kilikataa kabisa, nikawa natembea na mzigo usioshuka, mkali kwa kila mtu, mpaka mbio zianze upya.

Jamani, ugonjwa huu hauna heshima. Aliyevunjika mguu huletewa kuku na watu hukaa naye barazani. Mimi nilikuwa dereva mwenye kofia na koti, ninayesimamisha lori lenye abiria juu ya mizigo, na kukimbilia kichakani nikifungua vifungo njiani. Abiria walikuwa wakipiga mbinja. Nilivijua vichaka vyote toka Uyole hadi Mafinga, chenye miiba na chenye siafu.

Wa kwanza kunishuku alikuwa tajiri. Aliniita ofisini, nyuma ya magunia ya sukari.

"Ambakisye, watu wananiambia lori langu linasimama porini kila mara. Unamuuzia nani mafuta?"

"Simuuzii mtu, bwana. Naumwa tumbo."

"Kila mtu ana tumbo," akasema.

Tangu siku hiyo, kabla ya safari na baada ya safari, alitumbukiza kijiti ndani ya tangi la petroli na kukitazama kilipolowa. Alifanya hivyo mbele yangu na mbele ya makuli. Sikuwa nimeiba hata kijiko kimoja, lakini nilisimama pale nikitoka jasho kama mwizi.

Nilikwenda hospitali. Dresa, kijana wa Kisafwa mwenye koti jeupe lililopauka, alinipa kibiriti kitupu na kuniambia nirudi nacho asubuhi na choo ndani yake. Asubuhi tulikaa kwenye benchi refu, watu wengi, kila mmoja ameficha kibiriti chake kiganjani, hakuna anayemtazama mwenzake. Mzee mmoja aliyeingia akiwa na kiko alikiona kibiriti mkononi mwangu, akasogea.

"Mwanangu, nisaidie moto."

"Mzee, hiki si cha moto."

Akanitazama kwa chuki, kwamba namnyima kijiti kimoja cha kibiriti. Mama aliyekaa upande wa pili aliinamia mtoto wake kuficha kicheko. Katika miezi ile yote, hicho ndicho kicheko pekee nilichokifurahia.

Daktari alinilaza juu ya meza, akaniminya tumbo kwa vidole vya baridi, akasoma karatasi. "Minyoo hakuna. Amiba hakuna. Huna ugonjwa." Kisha, ingawa sikuwa na ugonjwa, wakanipa haluli, dawa ya kuharisha. Aliyewahi kunywa haluli akiwa na tumbo kama langu anajua siku ile ilivyokuwa, na asiyejua sitamweleza.

Neno lile, "huna ugonjwa," liliniharibia nyumba. Dada yangu Tupokigwe alikuja kutoka Tukuyu akiwa na mkungu wa ndizi kichwani na wasiwasi usoni. Ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, na kwake mimi nilikuwa bado mtoto wa kufutwa pua. Aliniona nilivyokonda akashika mdomo. Kisha akakaa karibu nami, akaanza kusema Kinyakyusa, kwa sababu Agata alikuwa anapita pita na sinia.

"Hospitali wamesemaje?"

"Wamesema sina ugonjwa."

"Na kukonda huku?"

"Hawakusema."

Akamtazama Agata mgongoni mpaka alipoingia jikoni. "Kama si ugonjwa wa hospitali, ni mkono wa mtu. Ulianza lini kuumwa? Kabla hujaoa?"

"Baada ya kuoa."

"Nani anakupikia?"

Tangu saa ile sikuweza tena kula bila kutazama mikono ya mke wangu.

Agata alikuwa mpishi mzuri. Kwao wanafuga, na chakula alichojua kuwa ni cha heshima kilikuwa maharage yaliyochemka mpaka yakalainika, akayaponda, akayaunga kwa vitunguu vingi na mafuta ya ng'ombe. Pembeni, maziwa ya kuchemsha, kikombe kikubwa. Kadiri nilivyokonda ndivyo alivyozidisha. "Kunywa, mwili urudi," alikuwa akisema, na kunijazia tena. Nami nikaanza kuona mambo. Kwa nini ananigeuzia mgongo anapotia chumvi? Kwa nini yeye mwenyewe maziwa anakunywa kidogo, na mimi ananijazia? Kwa nini bakuli langu ni lile lenye ua jekundu na halibadiliki?

Siku moja aliweka mwiko chini.

"Unatafuta nini mkononi mwangu?"

"Sitafuti kitu."

"Unatazama kama askari wa forodha."

Nikasema sina njaa, nikatoka. Nikaanza kula hotelini, mkabala na soko. Hapo, nilijiambia, anayenipikia hanijui jina wala hana haja nami. Nilikunywa chai ya maziwa na chapati mbili asubuhi, mchana maharage na chapati tena. Tumbo lilizidi. Lakini mtu aliyekwisha kushuku ana jibu la kila kitu. Nilisema kitu kile alichonitilia Agata kimeshaingia ndani, kimejenga, hakitoki kwa kubadili sahani.

Agata naye hakuwa mjinga. Jioni moja alinusa shati langu.

"Lina harufu ya kitunguu ambacho sikukikaanga mimi. Nani anakupikia?"

"Nakula hotelini."

"Mtu mwenye mke anakula hotelini?"

Nikavua shati nikaenda kuoga, naye akadhani nina mwanamke mwingine. Alianza kuzungumza Kihehe, juu ya uzio wa ua, na jirani mmoja wa kwao, na nilipokaribia sauti zao zilishuka. Dada, aliyekwisha kujikalisha kwetu, akaniambia Kinyakyusa, "Unasikia? Wanapanga." Nyumba yenye lugha tatu ilibaki na Kiswahili kwa ajili ya salamu na maji ya kuoga tu. Kila lililokuwa na maana lilisemwa kwa lugha ambayo mmoja wetu haielewi.

Ndipo masika yakaingia. Tulikuwa tunatoka Iringa, na huko Usangu lori likazama kwenye tope mpaka ekseli. Mvua haikukatika. Tuliweka matawi, tukachimba, tukaweka cheni, likazidi kuzama. Mzee mmoja Msangu na mkewe walitukaribisha mimi na Mbwilo nyumbani kwao, mwendo mfupi kutoka barabarani. Hawakuwa na kitu ila mchele wao wenyewe na samaki wakavu wa mtoni. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa malisho ya mbali, kwa hiyo maziwa hayakuwako, na maharage huko hawakulima. Mama yule alitupikia wali mweupe kwa chumvi, samaki akambanika juu ya makaa, na chai ya rangi. Asubuhi hivyo, jioni hivyo, siku baada ya siku, huku mvua ikipiga nyasi za paa.

Asubuhi moja niliamka nikagundua kwamba nimelala chali usiku kucha. Watu wenye matumbo kama yetu wanajua maana yake. Nilijipapasa. Tumbo lilikuwa laini kama la mtoto. Nilikwenda choo kama mtu yeyote aendavyo, bila mbio, nikarudi. Nilikaa mlangoni nikitazama mvua, na ningeweza kulia kwa furaha, lakini furaha yenyewe ilikuwa na mkia mchungu.

"Umepata nafuu," Mbwilo akasema.

"Nimepata nafuu kwa sababu niko mbali na nyumbani."

Alinitazama, akawasha sigara yake.

Niliporudi Mbeya nilimweleza dada. Alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyemaliza kesi. "Unaona sasa? Tumbo lenyewe limetoa ushahidi. Mrudishe kwao kabla hajakuzika."

Nikakubali. Safari iliyofuata nilimwambia Agata ajiandae, twende Iringa kuwasalimu wazazi wake. Alisema sawa. Asubuhi ya safari nilimkuta ameweka nje sanduku lake zima, mikeka yake miwili na kibuyu chake cha maziwa. Mtu anayekwenda kusalimia habebi mikeka. Mbwilo alivipandisha vitu vile juu ya mizigo, akavifunika kwa turubai polepole, kama anayefunika maiti.

Mbwilo alikaa juu. Agata alikaa kwa mbele pamoja nami, amejifunga shuka kwa baridi, macho barabarani. Tulilala Igawa, na kesho yake, tukikaribia Makumbako, jani la springi likakatika. Tukajikongoja mpaka kwenye karakana ndogo. Fundi alisema itachukua siku nzima, mpaka kesho. Tulikaa kivulini nyuma ya lori, na ndipo Agata alipofungua mdomo.

"Kule Usangu ulikokwama, nani alikupikia?"

"Mama mmoja. Mzee."

"Ulikula nini?"

"Wali na samaki."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Maziwa?"

"Hayakuwako."

Alichora chini kwa kijiti. "Na hotelini, tumbo lilipona?"

"Halikupona."

"Hotelini ulikula nini?"

"Maharage. Chapati. Chai ya maziwa."

"Basi na mwenye hoteli ni mchawi. Mimi na yeye tumekula njama." Hakucheka. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alinitazama usoni. "Ambakisye, najua unanipeleka wapi. Nilijua tangu dada yako alipoanza kunihesabia chumvi. Sitakuomba unirudishe Mbeya. Lakini hutanishusha kwa baba yangu na jina la mchawi kabla hujajaribu jambo moja. Leo upike maharage mwenyewe."

"Mimi?"

"Wewe. Nunua mwenyewe, kwa mtu unayemtaka. Teka maji mwenyewe. Washa moto mwenyewe. Mimi nitakaa pale chini ya ule mti, mikono yangu uione. Ukila ukabaki mzima, nitashuka Kalenga na mikeka yangu, na nitamwambia baba kosa ni langu."

Nilitaka kukataa. Mwanamume kupika kando ya barabara mbele ya mafundi ni jambo la kuchekwa mpaka Iringa. Lakini nilikubali, na nitakwambia ukweli kwa nini nilikubali: nilikuwa na hakika. Nilitaka kuona uso wake nitakapokula na kubaki mzima.

Nilinunua maharage kwa mama mmoja wa Kibena. Niliazima sufuria kwa mke wa fundi, nikaisugua kwa mchanga mara mbili. Nilikwenda kisimani peke yangu, nikanusa maji. Nilipanga mafiga, nikawasha, nikachochea. Moshi uliniingia machoni. Mafundi walikuja mmoja mmoja kutazama dereva anayepika, wakatoa ushauri wao, wakaondoka wakicheka. Nilikaanga kitunguu, nikatia chumvi kutoka mfuko wangu mwenyewe. Nikanunua maziwa kwa mchungaji aliyepita, nikayachemsha. Na Agata alikaa kule chini ya mti, mikono juu ya magoti, viganja juu, hakusogea hata nzi walipomtua.

Nilikula sahani nzima. Nikanywa maziwa yote. Nikafuta mdomo, nikamtazama. Yeye alikuwa anatazama barabara.

Jua lilikuwa bado juu lilipoanza. Kwanza mngurumo. Nilijifanya sikuusikia. Kisha mkanda ukaanza kubana. Nikaulegeza. Nikatembea kuzunguka lori, nikagonga gonga matairi kama ninayeyakagua. Halafu mkamuo ule, chini kushoto, ukanikunja nikashika bampa. Jasho likanitoka. Nilitafuta mtu wa kumshuku. Nilimfikiria mama wa maharage. Nilimfikiria mke wa fundi na sufuria yake. Nilimfikiria hata mchungaji, kijana wa watu ambaye hakuwahi kuniona tangu azaliwe. Nilikuwa nimesimama pale nimejikunja, nikijaribu kumpata, na kila mkono niliofikiria uliishia kwenye mkono wangu mwenyewe uliokuwa bado na masizi ya mafiga.

Nikakimbia kichakani.

Niliporudi, Agata alikuwa ameinuka. Alikuwa na maji ya moto kwenye kikombe, akasita kunipa. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, na akakiweka chini, juu ya jiwe katikati yetu, kama unavyomwekea mbwa mkali.

"Ni maji tu," akasema. "Ukitaka."

Nilikichukua nikanywa. Hapo ndipo alipolia. Mimi nilikuwa mtu wa tumbo, sikujua namna ya kumbembeleza mtu. Nikakaa naye tu mpaka alipomaliza.

Tulifika Iringa, nikashusha mizigo ya tajiri, tukaenda Kalenga. Baba mkwe alitupokea kwa "kamwene" ndefu, salamu ya Kihehe, akatazama sanduku na mikeka vikiwa juu ya lori.

"Mbona mmehama?"

Agata akajibu haraka, "Masika, baba. Barabara mbaya. Hujui utakwama wapi, ni afadhali kutembea na mkeka wako." Mzee akacheka. Kule kunisitiri kwake mbele ya baba yake sijakusahau. Tukala ugali na kuku, nikaomba chai ya rangi, tukarudi Mbeya na vitu vyote.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Shaka haiondoki kwa siku moja, na nyumbani tulimkuta dada. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akasema, "Hilo dude alilokulisha limeshaota mizizi. Ndiyo maana linakataa hata chakula cha mkono wako." Ukimwonyesha jua yeye anakuonyesha kivuli.

Asubuhi moja kabla ya safari niliingia jikoni kutafuta makaa ya pasi. Dada alikuwa ameinamia uji wangu. Alikuwa amefungua fundo la pindo la khanga yake, na unga wa rangi ya kutu ulikuwa unamiminika kwenye bakuli. Alinisikia, akashtuka, mwingine ukamwagika mezani.

"Dada, nini hicho?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kukutoa kile alichokulisha huyu. Nilikwenda kwa mtaalamu mlimani. Usipige kelele, asisikie."

"Tangu lini unanitilia?"

Akaanza kulifunga tena fundo la khanga.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu nilipokuja," akasema. "Siku moja moja. Nani mwingine angekuokoa?"

Agata alikuwa amesimama mlangoni. Dada alikuwa amesema Kinyakyusa, lakini unga mezani haukuhitaji mkalimani. Nilimtazama mke wangu nikingoja apige kelele, aseme yote aliyokuwa na haki ya kuyasema. Alichukua bakuli, akaenda kumwaga uji nyuma ya choo, akaliosha, akalianika juani. Kisha akaingia chumbani. Baadaye aliniambia jambo moja tu: kwamba wiki nyingi alikuwa hali chakula cha nyumbani isipokuwa ndizi alizomenya mwenyewe. Kumbe wakati mimi nilipokuwa natazama mikono yake, yeye alikuwa anatazama ya dada.

Nilimpandisha dada kwenye basi la Tukuyu siku hiyo hiyo. Hakuniaga. Tangu hapo, mpaka mwaka ukageuka, hatukupelekeana hata salamu.

Kipupwe hicho, mimi na Agata tulianza kujifunza tumbo langu kama watu wanaofuga mnyama wasiyemjua. Tulianzia pale Usangu: wali mweupe, samaki, chai ya rangi. Lilipotulia, tukaongeza kitu kimoja, tukangoja, tukaona. Usiongeze viwili kwa pamoja, maana hutajua nani aliyekupiga. Viazi mviringo vilipita. Ndizi za kupika zilipita vizuri sana, na mayai. Ugali wa mahindi ulipita, ila nisijaze. Karoti, mchicha, nyanya kidogo, vilikubali. Nyanya nilikuwa nikizinunua kwa akina mama wa Ilula kila tajiri aliponituma ng'ambo ya Iringa, na Agata alizipika bila kitunguu, jambo lililomuuma kama mtu anayeimba bila kiitikio. Maziwa ya kuchemsha, vita. Mtindi, vijiko vichache, amani. Kabichi, vita. Chapati, niliisikitikia sana, lakini nayo ilikuwa katika kundi la wale wahalifu. Maharage nimekwisha kukuambia. Tuligundua pia kwamba nikila haraka nikiwa na hasira, hata wali hunigeuka, kwa hiyo nikiwa na hasira nangoja.

Hayo ni ya tumbo langu. La kwako linaweza kuchukia samaki na kupenda kabichi, mimi sijui. Na ukiona damu, au homa, au unakonda huku unakula vizuri, usinisikilize mimi, rudi hospitali, ukae kwenye benchi na kile kibiriti mpaka wakueleze. Sikuambii kwamba nimepona. Bado kuna wiki ambazo linaninunia bila sababu. Lakini mwili umerudi, tajiri ameacha kijiti chake, na vichaka vya barabara ile navipita sasa kama mtu anayepita nyumba aliyopanga zamani.

Kushuku sikuacha. Mpaka leo nikiletewa sahani naichunguza: kitunguu kiko wapi, mafuta ya nini, kuna maziwa ndani? Wenyeji wangu wengine wamenikasirikia. Nao siwezi kuwalaumu, maana mtu akichungulia chakula chako, utadhani anakuchungulia wewe.

Kiangazi kilichopita tulipata ujumbe kwa mdomo wa jirani kwamba mtoto wa dada anapata kipaimara, na tunaitwa. Agata alikuwa mjamzito, wa kwanza baada ya kungoja sana. Nilisema nitakwenda peke yangu. Alisema, "Tutakwenda wote." Sikumwelewa, wala sikumbishia.

Tukuyu ukumbi ulikuwa ua mzima chini ya migomba. Watu wa kanisani, majirani, shemeji. Masinia yalitoka: maharage yaliyoungwa kwa maziwa, wali, nyama. Kila mtu alijua habari zetu, maana hakuna aliyezungumza karibu nasi. Tulipewa sehemu, tukakaa. Sinia lilifika mbele yangu nikalisukuma kwa adabu, na nikasikia mtu nyuma akisema kwa sauti ndogo, "Bado anatushuku."

Dada alitoka jikoni. Alikuwa amezeeka kuliko mwaka mmoja unavyozeesha mtu. Mkononi alikuwa na bakuli moja dogo, akaliweka mbele yetu, akapiga magoti. Ndani yake zilikuwa ndizi za kuchemsha na vipande vya nyama, nyeupe, bila kitunguu, bila maziwa, bila kitu.

"Niliuliza," akasema kwa Kiswahili, ili Agata asikie. "Nilimuuliza Mbwilo alipopita. Akaniambia unachokula."

Alichukua ndizi moja kwenye bakuli, akaila mbele ya watu wote, akameza. Kisha hakujua afanye nini na mikono yake, akaifuta kwenye khanga.

Mimi nililitazama bakuli, na nitakuwa mwongo nikisema sikulikagua. Nililikagua. Nilitazama pindo la khanga yake kama lina fundo. Nilikuwa bado natazama pale Agata, aliyekuwa hajaonja chakula cha mkono wa dada yangu tangu siku ile ya uji, aliponyoosha mkono mbele yangu, mwingine ameuweka juu ya tumbo lake, akachukua ndizi, akala.

"Ndaga fijo, wifi," akamshukuru, kwa Kinyakyusa chake kilichopinda.

Kisha akanisogezea bakuli. "Kula, baba. Zitapoa."